Amir Jamal na fedha ya kahawa

Sisi wa Mbinga, ambao ada zetu za shule zilitoka kwenye kahawa, tuna sababu ya kumkumbuka marehemu Amir Jamal. Alizaliwa Mwanza mwaka 1922, akasomea uchumi India, na mwaka 1965 Mwalimu Nyerere akamkabidhi Wizara ya Fedha. Alikuwapo hapo mabenki yalipotaifishwa Februari 1967, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC.

Alirudi Fedha mwaka 1975. Mwaka huo baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya dunia ikapanda na hazina ikanona. Lakini Mei 1976 serikali ilifuta vyama vikuu vya ushirika, mali ya wakulima wenyewe. Mmatengo akabaki na mamlaka ya zao, hana daftari la kudai afunguliwe. Mwaka 1978, Jamal akiwa ameshahamishwa, bidhaa za nje zikaruhusiwa kwa wingi na akiba ikayeyuka. Kisha vita vya Kagera. Mwaka 1979 akarudishwa kusimamia ukata huo.

Simtuhumu wizi, uadilifu wake haukuwa na shaka. Ila Suratul Baqara inaamrisha deni liandikwe na liwe na mashahidi, hata baina ya waaminifu.

Alifariki Canada mwaka 1995. Mwaka 1997 NBC ikagawanywa, imeelemewa na mikopo isiyolipika. Nani aliziba pengo lile, kama si mlipakodi, akiwemo mkulima wa Litembo na mvuvi wa Mbamba Bay?