Askofu Steere na Kazi za Mikono Yake



Tukitoka kanisani Jumapili na kusimama kidogo chini ya mti kusalimiana, neno tunalolisikia kuliko yote ni hili la kukosa nafasi. Mama mmoja alikuwa akitarizi vitambaa vya altare vizuri sana. Sasa ameacha kwa sababu ya biashara na wajukuu. Kijana mmoja alikuwa akiitungia kwaya nyimbo. Sasa kalamu yake imekauka kwa sababu ya masomo ya jioni. Na wako wengine wenye wasiwasi mzito zaidi. Hao hudhani kwamba saa wanayoitumia kuchonga, kushona au kuandika ni saa waliyomnyima Mungu. Wazee wetu walisema kwamba mshika mawili moja humponyoka, nasi tumelisadiki neno hilo hata tukaogopa kushika lolote.

Kwa hiyo katika toleo hili tumeona vema kuwaeleza habari za mtu aliyeshika mawili, matatu, hata matano. Si mtu wa mbali nasi. Kila tusalipo kwa Kiswahili na kila tusomapo Injili kwa Kiswahili, tunatembea katika njia aliyosaidia kuilima. Huyo ni Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Kati, ile tuliyozoea kuiita UMCA.

Alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma sheria, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1850, na mwaka huo huo akakubaliwa kuwa wakili. Njia ya cheo na fedha ilikuwa wazi mbele yake. Lakini moyo wake haukutulia mahakamani. Mwaka 1856 alitoa kitabu juu ya kuwako kwa Mungu na sifa zake, na mwaka huo huo akawekewa mikono kuwa shemasi. Mwaka 1858 akawa padre, na mwaka huo pia akamwoa Bibi Mary Beatrice Brown.

Alitumwa kuhudumu Skegness, ambacho siku zile kilikuwa kijiji kidogo cha pwani ya mashariki ya Uingereza. Watu wa pale walikuwa wakulima na wavuvi, wala hawakuvutwa na elimu yake ya sheria. Walimpenda kwa sababu aliikunja mikono ya shati lake akafanya kazi pamoja nao. Mwaka 1862 alipewa mtaa wa Little Steeping, karibu na hapo. Angeweza kuzeeka huko kwa amani, akihubiri, akisoma na kuandika vitabu.

Lakini mwaka ule ule habari zilifika kwamba Askofu Mackenzie, kiongozi wa kwanza wa Misheni, amekufa kwa homa kule mto Shire. Aliyechaguliwa kushika mahali pake alikuwa William Tozer, padre jirani na rafiki wa Steere. Steere alikubali kumsindikiza kwa muda tu, kisha arudi kwenye mtaa wake. Waliondoka mwaka 1863. Nchi ya Shire ilikuwa imeharibiwa na njaa, vita na biashara ya watumwa, na mwaka 1864 Tozer akaamua kuihamishia Misheni Unguja.

Hapo ndipo tunapomwona Steere alivyokuwa. Seyyid Majid alikuwa amempa Askofu Tozer wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Wavulana hao hawakujua Kiingereza, na mabwana hao hawakujua lugha za wavulana. Dk. Krapf alikuwa amekwisha kuandika juu ya Kiswahili cha Mombasa, lakini Kiswahili cha Unguja kilikuwa bado kungoja mtu wa kukichambua kwa namna hiyo. Steere hakuanza kwa kuhubiri. Alianza kwa kusikiliza. Aliketi na wenyeji wa mji, Waislamu, masheikh na watu wa kawaida, akauliza neno moja moja na kuandika.

Tuseme kweli hapa, tusije tukakosa adabu kwa waliotutangulia. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla Steere hajazaliwa, na tenzi zake zilikuwa zikisomwa pwani nzima. Steere hakuwafundisha Waunguja lugha yao. Wao ndio waliomfundisha, naye alikuwa mwanafunzi mwenye bidii.

Tena alipenda hadithi. Mtu mwingine angetaka maneno ya dini tu, akaziona hadithi za sungura na simba kuwa mchezo wa kupoteza wakati. Steere alizitaka zote: habari za Sultani Darai na yule paa, habari za punda wa dobi, na ndani yake kima aliyemdanganya papa kwamba moyo wake ameuacha nyumbani. Ni nani kati yetu ambaye hakusoma hiyo shuleni? Alijua kwamba anayetaka kusema na watu habari za Mungu yampasa kwanza ajue jinsi wanavyocheka na jinsi wanavyoonyana.

Jambo jingine alilolipenda ni kupiga chapa. Aliusimamia mtambo mdogo wa Misheni, akawafundisha wavulana kuzipanga herufi za risasi moja moja, kutia wino na kuvuta karatasi. Hivyo mtoto aliyekuwa juzi amefungwa ndani ya jahazi, kesho yake alisoma kwa Kiswahili ukurasa ambao wenziwe ndio walioupiga chapa. Mmoja wa wale watano, John Swedi, alifanywa shemasi na Steere mwaka 1879, Mwafrika wa kwanza wa Misheni hiyo kupata daraja hilo.

Mwaka 1868 Steere alirudi Little Steeping. Alikuwa tena padre wa mtaa, mwenye kubatiza, kuzika na kuwatembelea wagonjwa kama mapadre wetu wanavyofanya. Hata hivyo hakuyaacha yale madaftari ya Unguja. Mwaka 1870 vilitoka London vitabu viwili: kitabu cha kufundishia lugha ya Kiswahili, na kile cha hadithi za Kiswahili kama wenyeji wa Unguja walivyozisimulia. Tena alikusanya na kutoa vitabu vidogo vya Kishambala, Kiyao, Kinyamwezi na Kimakonde. Wataalamu walipokutana Mombasa mwaka 1928 kuchagua lahaja ya kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, waliichagua ile ya Unguja, ambayo Steere alikuwa amefanya kazi kubwa ya kuichambua.

Alirudi Unguja mwaka 1872, mwaka ule kimbunga kikali kilipokipiga kisiwa na kuharibu majengo ya Misheni. Askofu Tozer alikuwa amechoka kwa maradhi, akajiuzulu. Mwezi wa Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, ijapokuwa utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja mpaka mwaka 1897. Padre Arthur West wa Misheni alinunua kiwanja cha soko pale Mkunazini, na siku ya Krismasi mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa.

Mchoro wa kanisa ulitoka kwa msanifu wa Uingereza, lakini aliyesimama juani na mafundi alikuwa Steere. Paa lake halikuwa la mbao wala la mabati. Lilikuwa tao refu la zege lililotengenezwa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji, na watu wengi walisema litaanguka. Mpaka leo halijaanguka. Tena husimuliwa Unguja kwamba Askofu aliposafiri, mafundi walizisimamisha nguzo fulani juu chini, naye aliporudi akaziacha zilivyo. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877, kabla jengo halijakwisha.

Wakati huo alikuwa ameshakuwa Askofu, tangu tarehe 24 Agosti 1874. Mtu akiwa Askofu tungetazamia akae ofisini. Steere mwaka 1875 alisafiri kwa miguu toka Lindi mpaka kwa Mataka, mkuu wa Wayao. Mwaka 1876 aliwaongoza watumwa waliopewa uhuru, zaidi ya hamsini, warudi bara, na safari hiyo ndiyo iliyoanzisha Misheni ya Masasi. Na pale Mkunazini alihubiri kwa Kiswahili, na Waislamu wa mji wakaja kumsikiliza na kuhojiana naye. Katikati ya hayo yote tafsiri ya Maandiko na Kitabu cha Sala iliendelea, hata Agano Jipya lote likakamilika katika uhai wake.

Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, umri wake miaka 54 tu, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga.

Wasomaji wetu, tusidhani kwamba alivipata hivi vyote bila gharama. Bibi Steere hakuwa na afya ya kuishi Afrika, akabaki Uingereza, na bahari ikakaa kati yao kwa sehemu kubwa ya miaka ya kazi yake. Hatuwezi kuwaambia akina baba wa mtaa wetu kwamba hilo ni jambo dogo, wala hatutaki waige. Wenzake wengi aliwazika. Nguvu zake mwenyewe alizimaliza mapema. Na kazi hakuimaliza yote: Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, na waliomfuata ndio walioifikisha huko.

Basi hakuwa mtu aliyejua kugawa saa zake sawasawa kuliko sisi. Tofauti yake tunaiona mahali pengine. Hakuziweka sala upande mmoja na mambo aliyoyapenda upande mwingine, kama kuni za mafungu mawili zinazogombana kichwani. Alizifunga zikawa mzigo mmoja. Kupenda hadithi kukawa njia ya kuwajua watu. Kupenda kupiga chapa kukawa shule ya watoto waliookolewa. Mikono iliyopenda kujenga ikasimamisha kanisa juu ya uwanja wa machozi. Tena hakungoja nafasi. Angengoja, isingekuja, kwa maana mwaka wa kimbunga ulifuatwa na mwaka wa soko, na mwaka wa soko ukafuatwa na mwaka wa uaskofu.

Sisi tunaoandika haya tunayo sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Tulifundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu. Wanafunzi wetu walitoka wilaya nyingi, na kila likizo tuliwaagiza waende kwa bibi na babu zao, waandike hadithi moja moja na kutuletea. Walileta. Madaftari yakawa mengi mpaka yakajaza sanduku. Tulikusudia kuyapanga na kuyanakili vizuri, labda yawe kitabu cha shule. Lakini kulikuwa na mitihani ya kusahihisha, kulikuwa na zamu, kulikuwa na vikao, na Jumapili kulikuwa na kanisa. Kila mwaka tulisema mwaka ujao. Tulipostaafu tukalifungua lile sanduku, tukakuta vumbi la mchwa na majalada matupu. Mchwa hawakuwa wamesema kwamba hawana nafasi.

Wengi wa wale bibi na babu wamekwisha kufa. Maneno yao yalikuwa mikononi mwetu, tukayaacha yakaliwa, nasi tulikuwa tukijifariji kwamba tunafanya kazi muhimu zaidi. Siku hizi tunaandika kidogo kila asubuhi baada ya sala, ukurasa mmoja tu wa yale tunayoyakumbuka. Hayatoshi sanduku zima, lakini ni afadhali kuliko majalada matupu.

Kwa hiyo tunamwomba mama yule auchukue tena uzi wake, maana kitambaa cha altare yetu kimechakaa. Tunamwomba kijana yule aandike ubeti mmoja kabla ya kulala. Na wote wenye wazee nyumbani, nunueni daftari wiki hii, kaeni nao jioni moja, ulizeni na kuandika. Mkishaandika, leteni mlangoni baada ya Ibada. Tutayasoma wenyewe, na safari hii hatutayafungia sandukuni.

Ifikapo tarehe 27 Agosti, tumkumbuke Askofu Edward Steere katika sala zetu, pamoja na Waunguja wale waliomfundisha lugha yetu. Mungu awabariki nyote, na aibariki kazi ya mikono yenu.