Elspeth Huxley na maua ya Thika

Sisi watu wa pwani ua tunalijua kwa pua kabla ya jicho. Asumini, kilua, mkadi, marashi ya waridi ya kunyunyizia wageni maulidini, yote hayo thamani yake ni harufu. Mtu wa Lamu au wa Mji wa Kale akifika bara akaona mti mzima umewaka maua mekundu yasiyonukia, atauliza yana faida gani. Nami niliuliza vivyo hivyo, mpaka niliposoma maisha ya bibi mmoja wa Kiingereza aliyelelewa Thika, ambaye miti hiyo ndiyo iliyolitangaza jina lake duniani.

Elspeth Grant alizaliwa London tarehe 23 Julai 1907. Baba yake, Josceline, alikuwa askari mwenye mipango mingi ya biashara na bahati haba. Nguzo ya nyumba alikuwa mama, Nellie. Mwaka 1912 wazazi hao walikuja Kenya wakanunua eka 500 karibu na Thika ili wapande kahawa, na mtoto akawafuata mwishoni mwa 1913, umri wake miaka sita. Walianza maisha katika nyumba ya nyasi. Ardhi ile ilipigwa bei baina ya Wazungu kwa Wazungu, na Wagikuyu wakaingia humo kuwa vibarua. Jambo hili msomaji asilisahau, maana maua yote ya hadithi hii yameota juu yake.

Mti wenyewe kwa Kiswahili ni kibobakasi. Usiuchanganye na mkakaya wetu, ule unaochanua kuelekea Desemba hata wengine wakauita mkrismasi. Kibobakasi maua yake ni kama vikombe, rangi ya moto, na tumba lake lina maji ndani. Watoto hulibinya wakarushiana. Wazungu wameupa jina la Wanandi, kwa kuwa kwa upande wa Kenya asili yake ni huko magharibi. Thika uliletwa, kama walivyoletwa mibuni na kama walivyokuja akina Grant wenyewe.

Vita vya 1914 vilikatiza mambo. Baba alirudi jeshini, na mwaka 1915 mama na mtoto walikwenda Uingereza. Baada ya vita walirejea, lakini shamba la Thika halikuwatajirisha, wakaliuza na kuhamia Njoro. Elspeth alisomea kilimo Chuo Kikuu cha Reading, kisha Cornell huko Marekani, na mwaka 1931 akaolewa na Gervas Huxley.

Kitabu chake kikubwa cha kwanza, cha 1935, kilikuwa maisha ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi. Sikukipenda. Humo nchi inasimuliwa kana kwamba ilikuwa tupu ikingoja mwenyewe. Lakini mwandishi yule yule alikwenda London kusomea elimu ya mila za watu kwa Profesa Malinowski, na miongoni mwa wanafunzi wenzake alikuwamo Jomo Kenyatta, mwana wa Gatundu, jirani kabisa na Thika. Hebu fikiri, mtoto wa mlowezi na mtoto wa wenye nchi, wakisikiliza mwalimu mmoja! Kenyatta alitoa kitabu chake juu ya Wagikuyu mwaka 1938. Elspeth alitoa riwaya yake, Red Strangers, mwaka 1939, akijaribu kuwaona Wazungu kwa macho ya Mgikuyu. Harold Macmillan, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alitaka sehemu ya tohara ya wasichana ipunguzwe. Bibi akakataa, akapeleka kitabu kwa mchapishaji mwingine. Kwa hilo namstahi, ingawa siasa zake wakati wa Mau Mau zilikuwa za upande wa walowezi.

The Flame Trees of Thika kilitoka mwaka 1959, Hali ya Hatari ikielekea ukingoni na uhuru ukibisha hodi. Wazazi wake aliwabadili majina, wakawa Tilly na Robin. Mwaka 1981 kikafanywa mchezo wa televisheni, na tangu hapo Thika ikajulikana kwa watu wasiojua iko upande gani wa Nairobi.

Lakini ua lililokusudiwa kuwalisha akina Grant halikuwa lile jekundu. Lilikuwa la mbuni, jeupe, dogo, na linanukia karibu sawa na asumini. Tumba hulala kiangazi chote. Mvua ikinyesha, baada ya siku nane au kumi hivi shamba zima hugeuka jeupe, na siku mbili tatu baadaye yamekwisha. Sisi tunaokunywa kahawa chungu barazani, kinywaji cha masufii wa Yemen waliokesha katika dhikiri karne ya 15, wangapi tumeliona ua lake?

Kuliona kunazidi kuwa kugumu. Nenda Kamakis, Ruiru, pale njia ya mchepuko ya mashariki inapoikaribia barabara ya Thika. Watu huko hufuata nyama choma (na wengine wetu huuliza kwanza nani aliyechinja). Eneo hilo la Ruiru lilikuwa la mibuni. Leo ni maghorofa, na Tatu City, mji mpya, umesimama juu ya shamba la kahawa. Kando ya njia utakuta miche ya maua imepangwa katika mifuko ya plastiki, ya kupamba nyumba zilizochukua mahali pa mashamba. Walowezi waling'oa msitu wakapanda kahawa, na wenyewe kwa wenyewe sasa tunang'oa kahawa tukipanda mawe. Mvua za masika zinanyesha kama zamani, ila haziamshi kitu.

Nellie, aliyependa bustani kuliko vitu vingi, aliondoka Njoro mwaka 1965 akiwa na miaka 80 hivi, akahamia Ureno, na huko akaishi hadi 1977. Binti yake alikufa Tetbury, Uingereza, tarehe 10 Januari 1997, akiwa na miaka 89. Huku Thika ulikuwa mwezi wa kiangazi, na mibuni iliyosalia ilikuwa bado inangoja mvua.