Loewy, msanifu aliyeombwa kuokoa kiwanda kwa penseli

WALIMU na makarani waliotumia mashine za kudurufu za Gestetner, na madereva wanaojaza petroli chini ya nembo ya kombe la Shell, huenda wameitazama kazi ya Raymond Loewy bila kulijua jina lake. Hata hivyo, kazi inayodhihirisha vyema uwezo wake, na mipaka ya uwezo huo, ni gari la kasi liitwalo Avanti.

Loewy alizaliwa Paris, Ufaransa, mnamo Novemba 5, 1893. Baada ya kupigana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, alihamia New York mwaka wa 1919, akajikimu kwa kuchora picha za mavazi katika majarida. Mnamo 1929, mwenye viwanda Sigmund Gestetner alimpa kazi ya kuipa sura mpya mashine yake ya kudurufu. Loewy aliifinika kwa udongo wa kufinyanga, akasitiri vyuma vilivyokuwa wazi na kuipa umbo nadhifu. Tangu hapo viwanda vilimwandama. Alisanifu majokofu, magari-moshi na hata pakiti ya sigara za Lucky Strike. Imani yake ilikuwa kwamba mnunuzi hupenda kitu kipya, ila hukiogopa kikizidi upya.

Miongoni mwa wateja wake ilikuwa Studebaker ya South Bend, jimbo la Indiana, iliyoanza 1852 kwa kuunda mikokoteni ya farasi. Kampuni hiyo ilijitegemea, ikishindana na majabali General Motors, Ford na Chrysler. Loewy aliihudumia kuanzia 1936 hadi katikati ya miaka ya hamsini, mkataba wake ulipokatizwa.

Mwaka wa 1961 Sherwood Egbert alitwaa uongozi wa Studebaker, mauzo yakiwa yamedidimia. Alimrejesha Loewy na kumwomba gari litakalowavutia vijana, tena upesi. Loewy alikodisha nyumba jangwani Palm Springs, California, akawatia kazini Tom Kellogg, Bob Andrews na John Ebstein. Baada ya wiki tano hivi, michoro na mfano mdogo wa udongo vilikuwa tayari. Ingawa sifa zilimwendea Loewy, mikono ya watatu hao ndiyo iliyochora na kufinyanga kwa maelekezo yake.

Gari hilo, ambalo jina lake ni neno la Kiitaliano lenye maana ya mbele, halikuwa na wavu usoni. Hewa ya kupoza injini iliingia chini ya bampa. Ubavu wake ulibonyea katikati mithili ya chupa ya soda. Magurudumu ya mbele yalikuwa na breki za diski, jambo adimu kwa magari ya Marekani wakati huo. Kwa kuwa pesa na muda vilikuwa haba, bodi iliundwa kwa fibaglasi badala ya chuma, na chasisi ikaazimwa kutoka kwa gari la Lark.

Avanti ilizinduliwa Aprili 1962 na kushangiliwa. Lakini vipande vya fibaglasi vilivyotoka kwa kampuni ya Ohio havikuoana, uundaji ukakwama kwa miezi, na wanunuzi wengi wakafuta maagizo yao. Chelewa chelewa, utapata mwana si wako. Ni magari takriban 4,600 pekee yaliyoundwa kabla ya kiwanda cha South Bend kufungwa Desemba 1963.

Walioumia zaidi ni wafanyakazi. Hazina yao ya pensheni haikutosha: wapatao 4,000 ambao hawakuwa wamefikisha umri wa kustaafu walilipwa takriban asilimia 15 ya stahili zao, na wengine wenye umri mdogo hawakupata chochote. Kilio chao kilichangia kutungwa kwa sheria ya Marekani ya 1974 ya kulinda pensheni za wafanyakazi.

Avanti yenyewe haikufa. Wauzaji magari wawili wa South Bend, Nathan Altman na Leo Newman, walinunua haki zake na kuendelea kuiunda kwa idadi ndogo kuanzia 1965. Wamiliki wengine waliwafuata hadi miaka ya 2000.

Loewy aliichora upya nembo ya Shell mwaka wa 1971. Alifariki Monaco mnamo Julai 14, 1986, akiwa na umri wa miaka 92. Kufikia wakati huo, Studebaker ilikuwa imeacha kuunda magari kwa miaka 20.