Mwenda wa Bayeke, Mpiga Gitaa wa Katanga

Sisi tukaao Mwanga na Ujiji tumezoea kuitazama ng'ambo ya ziwa kama mtu aitazamavyo nyumba ya jirani yake. Watu huvuka, bidhaa huvuka, na nyimbo nazo huvuka. Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za mtu mmoja wa upande ule, ambaye nyimbo zake zilifika mbali kuliko jina lake.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika nchi ya Katanga. Mji huo ulikuwa makao ya Msiri, mtawala wa Bayeke, aliyeuawa na watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji tarehe 20 Desemba 1891. Asili ya Bayeke ni Unyamwezi. Baba zao walikwenda Katanga kwa biashara ya shaba na pembe, wakakaa huko wakatawala. Basi Mwenda, ijapokuwa alizaliwa Kongo, si mgeni kabisa kwetu sisi.

Alipokuwa kijana, miji ya Katanga ilikuwa miji ya migodi ya shaba. Watu wa makabila mengi walikusanyika huko kutafuta kazi, wakasemezana kwa Kiswahili. Jioni, kazi ikiisha, vijana walipiga magitaa. Tena zilifika santuri kutoka ng'ambo, hasa za kisiwa cha Cuba, tangu miaka ya 1930. Jambo hili yafaa tulifikiri. Watu wengi wa Kongo walichukuliwa utumwani mpaka Cuba. Mali hawakuchukua, ila ngoma zao walizichukua moyoni. Wajukuu wao wakaziimba kwa nyuzi, na santuri zikazirudisha Afrika, na watu wa Kongo wakazipokea kwa furaha kama mtu amtambuaye ndugu yake aliyepotea.

Mwenda alipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Gumba lilishika sauti za chini, na kidole kile kingine kikaimba juu yake, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kukusanya nyimbo, alimkuta katika mji wa Jadotville, akanasa sauti yake kwa mashine. Wimbo mmoja uitwao Masanga ulipewa tuzo mwaka uleule, na santuri zake zikauzwa katika nchi nyingi. Baadaye mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha London, David Rycroft, aliuandika upigaji wake kwa alama za muziki, sauti kwa sauti, ili wenye elimu wajifunze. Hivyo kazi ya kijana wa mitaani ikawa somo la wataalamu.

Katika miaka ileile Wamarekani weusi nao walikuwa wakizaa muziki mpya uitwao rock and roll. Ulitoka katika nyimbo za huzuni za mashambani na katika sifa za makanisa yao. Rosetta Tharpe, ambaye mama yake alikuwa mwinjilisti, alimwimbia Mungu kwa gitaa la umeme, na wapigaji wengi wakajifunza kwake. Wakristo wengine walimlaumu kwa kuwa aliimba pia katika nyumba za starehe. Alipokufa mwaka 1973, kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe. Tena Arthur Crudup alitunga wimbo ambao Elvis Presley, kijana mweupe, aliuimba mwaka 1954 akaanza kupata sifa. Crudup alikufa mwaka 1974 bila kulipwa haki yake. Ndugu, wimbo waweza kumtajirisha mtu, na mwenye wimbo akabaki maskini.

Mwenda naye aliitwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, akaimba katika matangazo ya dawa ya maumivu, na vijana wa Kenya wakaiga vidole vyake. Mwaka 1969 alipiga gitaa mbele ya mkutano mkubwa huko Newport, Marekani. Kisha serikali ya Mobutu ikakataza majina ya Kikristo. Jadotville ulikwisha kuitwa Likasi, na Jean Bosco akajulikana kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1982 alikwenda Ujerumani, akapiga tena nyimbo zake za ujana. Akafa mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na umri wa miaka 60.

Hatumwiti mtakatifu. Nyimbo zake nyingi zilikuwa za mapenzi na za maisha ya mjini, wala hakuwa mhubiri. Lakini kipawa kile kilitoka kwa Mungu, kama kila kipawa chema.

Na hapa yatupasa kuungama. Tulipokuwa chuoni tulisikia kwamba gitaa ni chombo cha walevi, nasi tukaamini. Baadaye, katika usharika mmoja, kijana alikuja ibadani na gitaa lake. Tulimwambia aliache nje. Akakaa nje pamoja nalo, na Jumapili iliyofuata hakuja tena. Tulikuwa tumesahau kwamba Daudi alimpigia Sauli kinubi, na kwamba Martin Luther mwenyewe alipiga chombo cha nyuzi akawafundisha watoto wake kuimba.

Basi, walimu wa dini na wazee wa usharika, mkimwona kijana mwenye kipawa, msingoje mgeni atoke mbali kuja kumtambua. Mwiteni ndani, mfundisheni, mmwonyeshe ni nani wa kuimbiwa. Nanyi wa kwaya, mkichukua wimbo wa mtu, tajeni jina lake. Na kama wimbo huo unaleta fedha, mpeni sehemu yake, maana mtenda kazi anastahili ujira wake. Yule kijana wetu hatujui aliko leo. Tukimwona, tutamwomba radhi, na kumkaribisha pamoja na gitaa lake.