Ludwig Krapf: Mtoto Aliyepigwa kwa Kosa la Mwingine

Masomo: Mwanzo 3, Ezekieli 18:1-20, Yohana 9:1-3, Warumi 5:12-19



Tangu tuanze mafundisho ya dhambi ya asili, swali limekuwa ni lile lile. Kama Adamu ndiye alikula tunda, mimi naadhibiwa kwa nini? Na wengine wameliuliza kinyumbani zaidi. Ule ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikikosa mfululizo, mifugo ikiisha mbele ya macho yetu hapa Isiolo, ilikuwa adhabu ya dhambi ya nani? Kuna mama aliyezika mtoto wakati ule, akaambiwa na mhubiri mgeni kwamba atafute ni nani kwa ukoo wao aliyemkosea Mungu. Swali kama hilo haliishi kwa mistari miwili. Nimeona nilijibu kwa maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake mmelisoma shuleni, lakini machozi yake pengine hamjawahi kusimuliwa.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810, kijiji cha Derendingen karibu na Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima wa kujiweza. Akiwa na miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa lililofanywa na mvulana mwingine. Alipigwa mpaka akaugua, akalala kitandani miezi sita. Hebu fikiria huyo mtoto. Hakutenda kosa, lakini maumivu ni yake, na aliyekosa anacheza huko nje.

Katika miezi hiyo sita Ludwig alisoma Biblia, hasa hadithi za Agano la Kale, na moyo wake ukaanza kuwaza mambo ya umilele. Jirani alikosa na fimbo haikuwa ya haki. Mungu hakumtuma kumpiga mtoto, lakini hakukiacha kile kitanda bure. Hilo tuliweke akilini, tutalirudia.

Alikua, akasomea umisheni kule Basel, Uswisi, na mwaka 1837 shirika la CMS la Uingereza likamtuma Ethiopia. Akafika Shewa, na huko akakutana na Waoromo. Hapa watu wa Isiolo mkae vizuri, manake Waborana wetu ni tawi la jamii hiyo kubwa, na Kiborana ni Kioromo. Krapf aliwapenda hao watu kuliko wote aliowaona. Akajifunza lugha yao na kuanza kuitafsiri Injili. Lakini mwaka 1842 njia ya kurudi Shewa ikafungwa.

Mwaka huo huo alioa Rosine Dietrich kule Misri. Wakajaribu tena kuingia Ethiopia, na katika safari hiyo, mwaka 1843, Rosine akajifungua nyikani kabla ya wakati. Mtoto wa kike akafa. Walimpa jina la Eneba, yaani chozi kwa Kiamhari. Wakamzika njiani, wakaendelea na safari, kwa sababu waliosafiri nao hawakutaka kungoja zaidi.

Krapf akasema, kama kaskazini kumefungwa, nitawafikia Waoromo kutoka kusini. Ndiyo sababu alikuja pwani yetu. Januari 1844 alifika Unguja, Sultani Seyyid Said akampokea na kumpa barua ya kumtambulisha, akahamia Mombasa. Alikuja Kenya akitafuta njia ya kuwafikia ndugu za watu ambao leo tunakaa nao hapa mjini na kunywa nao chai.

Sasa tumefika penye uzito. Juni 1844, pale Mombasa, Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Sura tatu za kwanza zilikuja kuchapishwa Marekani mwaka 1847. Na mnajua ndani ya sura hizo mna nini: uumbaji, bustani, amri, nyoka, tunda, uchungu wa kuzaa, mavumbi kurudi mavumbini.

Hajamaliza hata mwezi mmoja na nusu wa kazi hiyo, homa ikaingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike mwanzoni mwa Julai. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine akafariki. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo, ikabidi ajikokote kutoka kitandani ili ahakikishe kwamba kweli mkewe ameaga. Kesho yake Rosine alizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, kama alivyoomba, ili wapitao njia waone kaburi na kukumbuka kilichowaleta. Siku chache tu na mtoto naye akafa, akalazwa kando ya mama yake.

Wapendwa, hapa ndipo swali letu linapouma. Uchungu wa kuzaa na mauti, vile vitu viwili alivyokuwa akitafuta maneno yake ya Kiswahili pale mezani, vimeingia chumbani mwake. Ni dhambi gani alikuwa ametenda yule mtoto ambaye hakufikisha hata wiki mbili duniani?

Najibu kwa Maandiko. Warumi 5 inafundisha kwamba kwa mtu mmoja dhambi iliingia ulimwenguni, na kwa dhambi mauti, ikawafikia watu wote. Huo ndio urithi. Tumezaliwa katika nyumba ambayo moto ulishaingia. Mwili unaougua, moyo unaopenda kuteleza, ardhi yenye miiba, hayo tumeyakuta. Mtoto wa Rosine alikufa kwa sababu dunia hii imeanguka. Lakini kusema kwamba Mungu alikaa akapekua kitabu cha makosa ya Krapf, halafu akampelekea bili kupitia kitanda cha mtoto, hilo Biblia inalikataa. Ezekieli 18 inasema wazi kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Wanafunzi walipomwona kipofu na kuuliza ni nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, Yesu aliwakatiza. Hakuna hata mmoja, akawaonyesha kazi ya Mungu iliyokuwa mbele yao.

Kwa hiyo dada yangu uliyezika, mtu akija kukuuliza ni nani kwa ukoo wenu alileta msiba, mwelekeze Yohana 9 na umkaribishe chai. Usimpe mbuzi, usimpe sadaka ya kuvunja laana. Aliyeokoka ana damu ya Yesu, na damu hiyo haina deni lililobaki.

Lakini msinielewe vibaya. Wapo wanaosikia hivi na kusema, basi, kama nimerithi asili ya dhambi, nitafanyaje, ndivyo nilivyo, pombe ilikuwa ya babu. Hapana. Ezekieli huyo huyo anasema roho itendayo dhambi itakufa, na Kumbukumbu la Torati 30 inatuwekea uzima na mauti mbele yetu tuchague. Asili tumeirithi, lakini mlango wa kutoka umefunguliwa, na neema inatushika mkono kuufikia. Kutembea ni juu yako.

Krapf alichagua. Angeweza kupanda jahazi arudi kwao na hakuna ambaye angemlaumu. Aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi lile ni alama ya kazi iliyoanza, akabaki. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alimfikia, wakajenga kituo Rabai. Miaka ya kwanza mavuno yalikuwa haba sana. Mmoja wa matunda ya kwanza alikuwa Mringe, mlemavu, mtu ambaye wengi wangemhesabu kuwa bure. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, Krapf aliona theluji ya Mlima Kenya, mlima ule ule ambao nasi asubuhi isiyo na mawingu tunauona kusini mwetu.

Mwaka 1851 alisafiri kuelekea mto Tana na Kivoi, kiongozi maarufu wa Wakamba. Wakavamiwa njiani, Kivoi akauawa. Krapf alitangatanga porini peke yake, akibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki, na alipofika kwa watu, jamaa za Kivoi wakamtwika lawama ya kifo kile. Ikabidi atoroke usiku. Kwa mara nyingine, yule mtoto wa Derendingen anadaiwa kosa ambalo si lake. Binadamu ndivyo tulivyo: likitokea baya, tunatafuta wa kubebesha. Adamu alimwonyesha Hawa, Hawa akamwonyesha nyoka, na sisi tunaonyeshana mpaka leo.

Afya ilimlazimisha kurudi Ujerumani mwaka 1853. Hakuwafikia Waoromo wa upande huu kama alivyotamani. Aliendelea na kazi ya lugha hadi uzeeni, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, mwenyewe akiwa ameshaondoka. Tarehe 26 Novemba 1881, kule Korntal, alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Alikufa akiomba, na miaka yake 71.

Sasa turudie lile nililosema tuliweke akilini. Kupigwa kwa kosa la mwingine, Krapf alilazimishwa. Yuko Mmoja ambaye hakulazimishwa. Isaya 53 inamweleza: alijeruhiwa kwa makosa yetu, na adhabu ya amani yetu ikawa juu yake. Kama unaona si haki kuguswa na anguko la Adamu, basi tazama upande wa pili wa hesabu hiyo: si haki pia kwamba unaokolewa kwa utii wa Yesu. Kwa mmoja tulianguka, kwa mmoja tumesimamishwa. Wa kwanza hukuulizwa. Kwa wa pili unaulizwa leo, na jibu ni lako.

Tuombe: Baba, wafariji waliozika watoto wao katika mji huu. Waondolee mzigo wa lawama ambao wewe hukuwatwika. Na yule anayejificha nyuma ya ukoo wake, mwite kwa jina lake kama ulivyomwita Adamu bustanini, aitike. Katika jina la Yesu. Amina.

Andiko la kukariri wiki hii: Warumi 5:19.