Robert Koch na Kitone cha Damu

Historia ya tiba katika nchi yetu haikamiliki pasipo kumtaja Robert Koch, tabibu wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1843. Ulimwengu wamkumbuka kwa kugundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, na kwa Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1905. Sisi tunazo sababu zetu za kumkumbuka.

Mwaka 1897 Koch alifika Dar es Salaam kuchunguza malaria. Zama hizo wengi walitibu homa kwa kwinini kwa kubahatisha. Yeye alishikilia kwamba tabibu atazame kwanza kitone cha damu ya mgonjwa katika hadubini. Huko Usambara aliwakuta Washambaa wakijua kwamba anayeteremka tambarare hurudi na homa. Homa hiyo na mdudu aletaye waliviita kwa jina moja, mbu. Korogwe ipo katika tambarare hizo, na Handeni iko ng'ambo ya mto Pangani. Hivyo wazee wetu walikwisha kuielewa njia ya maradhi kwa macho yao wenyewe, bila hadubini.

Hata hivyo, insafu yatulazimu kueleza upande wa pili. Mwaka 1906 Koch alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, ambako malale ilikuwa ikiwaangamiza watu. Aliwadunga mamia ya wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Maradhi yaliporudi, alizidisha kiasi cha dawa, na watu 22 wakapofuka. Sisi wa visiwani hatuna budi kuikumbuka habari hiyo, kwani waliopofuka walikuwa raia wa kutawaliwa, wasio na nguvu ya kukataa.

Koch alifariki mwaka 1910. Mwaka 1948 wataalamu Shortt na Garnham, ambaye aliwahi kuwa tabibu Kenya, walionyesha kwamba vimelea vya malaria hukaa kwanza ndani ya ini kabla ya kuingia katika damu. Leo kitone kile kile hupimwa kando ya kitanda kwa kipimo kidogo cha plastiki, na jibu hupatikana kwa muda wa dakika 20 hivi, bila hadubini wala umeme. Homa ya ini aina ya B nayo yaweza kupimwa kwa njia kama hiyo. Tena, kuanzia mwaka 2009, watoto wa Korogwe walishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria kwa ridhaa ya wazazi wao, haki ambayo watu wa Ssese hawakuwa nayo.

Kwa maoni yetu, viongozi wa afya wana wajibu wa aina mbili. Kwanza, vipimo na dawa vifike pamoja katika kila zahanati, vijijini na visiwani, maana mgonjwa aliyepimwa akakosa dawa hajasaidiwa. Pili, mwananchi aelezwe damu yake inapimwa nini, na dawa anayopewa ina madhara gani, kabla hajaombwa kukubali.