Libermann alikubali shirika lake livunjwe



Ukipanda kutoka Korogwe hadi Bungu, juu kwenye milima ya Usambara, au ukishika njia ya kwenda Handeni, hutakosa kukuta kigango chenye vyama viwili vya kitume vinavyokufa polepole. Kila kimoja kina mwenyekiti, katibu, mhazini na daftari la mahudhurio. Kinachokosekana ni wanachama. Chama kilichokuwa kikijaza mabenchi matatu, leo ni akina mama watano wenye mvi, na cha jirani yake hali ni hiyo hiyo. Paroko akishauri waungane, jibu linatoka haraka: hapana Baba, jina letu litapotea.

Kwa ajili yao, na kwa ajili yako kama wewe ni kiongozi wa chama cha namna hiyo, leo nakusimulia maisha ya Padre François Libermann. Bila yeye, habari za Bagamoyo tunazozijua zisingekuwa kama zilivyo.

Alizaliwa tarehe 12 Aprili 1802 katika mji wa Saverne, Alsace, nchini Ufaransa, na jina alilopewa ni Jacob. Baba yake alikuwa rabi wa Kiyahudi, naye alitaka mwanawe amrithi. Mama alifariki Jacob akiwa bado mtoto. Alipokua alipelekwa Metz kusomea urabi, lakini huko, mbali na nyumbani, imani ya baba yake ikapoa ndani yake. Kaka yake mkubwa alitangulia kuwa Mkatoliki. Jacob alikwenda Paris, akasoma, akasali katika giza, na mkesha wa Noeli mwaka 1826 akabatizwa kwa majina ya François Marie Paul. Baba yake alipopata habari alimwombolezea kama mtu aliyekufa. Wewe uliyetengwa na ndugu kwa ajili ya imani unajua uzito wa jambo hilo, sihitaji kuueleza.

Aliingia seminari ya Saint-Sulpice mwaka 1827. Miaka miwili baadaye, alipokuwa karibu kabisa kupewa ushemasi mdogo, alianguka kifafa. Sheria ya Kanisa wakati ule haikumruhusu mgonjwa wa kifafa kupewa daraja. Wenzake walipadrishwa mmoja baada ya mwingine, yeye akabaki seminarini Issy akifanya shughuli za nyumba na kuwasaidia waseminari waliokuja kumweleza shida zao. Zaidi ya miaka kumi alikuwa mtu wa pembeni. Mwaka 1837 aliitwa Rennes kuwalea wanovisi wa Shirika la Mtakatifu Yohane Eudes, shirika lililofutwa na Mapinduzi ya Ufaransa na ambalo wakati huo lilikuwa likijaribu kusimama tena. Pale alipata mateso ya moyo, akajiona hafai. Nadhani lakini kwamba hapo ndipo alipojifunza jinsi ilivyo kazi kuinua shirika lililoanguka.

Kisha wakaja vijana wawili wa seminari. Frédéric Le Vavasseur alitoka kisiwa cha Bourbon, ambacho leo tunakiita Réunion, na Eugène Tisserant mama yake alitoka Haiti. Walikuwa wameona utumwa, au kuusikia nyumbani kwao, na walitaka mapadre watakaowahudumia watumwa weusi waliosahauliwa. Wakamtaka Libermann awaongoze, mtu asiye hata shemasi! Alikwenda Roma mwanzoni mwa mwaka 1840 bila fedha wala mtu mkubwa wa kumsindikiza, akaandika ombi lake, akasubiri. Ugonjwa ulikuwa umemwacha. Tarehe 18 Septemba 1841 alipadrishwa huko Amiens, na siku chache baadaye akafungua unovisi wa Shirika la Moyo Mtakatifu wa Maria.

Shirika hilo changa lilikuwa na moto. Padre Jacques-Désiré Laval, aliyekuwa daktari kabla ya upadre, alikwenda Mauritius mwaka 1841 kuishi na watumwa waliokuwa wamepewa uhuru. Leo tunamwita Mwenyeheri. Mwaka 1843 lilipelekwa kundi la kwanza Afrika Magharibi, na homa ikawamaliza wengi wao katika muda mfupi. Libermann alilia, kisha akaendelea kutuma wengine. Aliwaandikia wamisionari wake waache desturi na kiburi cha Ulaya, wawe watumishi wa watu wanaowaendea, na wajitahidi kupata mapadre wazalendo. Mwaka 1847 maneno hayo yalikuwa mageni kabisa masikioni mwa Wazungu.

Sasa tazama upande wa pili. Paris palikuwa na Shirika la Roho Mtakatifu, lililoanzishwa siku ya Pentekoste mwaka 1703 na kijana Claude Poullart des Places kwa ajili ya kuwasomesha waseminari maskini. Lilikuwa na heshima ya miaka mingi, lakini Mapinduzi yalilifuta, likarudishwa, likafutwa tena, likarudishwa tena mwaka 1816. Kazi yake ilikuwa kuandaa mapadre wa makoloni ya Ufaransa, na baadhi ya mapadre hao sifa zao hazikuwa nzuri. Kufikia mwaka 1848 wanashirika walikuwa wachache sana. Lilikuwa na nyumba, jina na kibali cha serikali, lakini watu hakuna. La Libermann lilikuwa na watu, lakini kibali cha serikali halikuwa nacho, na kazi yao ilikuwa ile ile.

Usidhani Libermann alikuwa malaika asiyejua hesabu. Aliona wazi kwamba muungano utawafungulia vijana wake milango ya makoloni, na mwaka ule ule Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa huko. Lakini tazama sharti alilokubali. Roma iliamua mwezi Septemba 1848 kwamba litakalovunjwa ni shirika lake, lile changa lenye uhai, na watu wake waingie katika lile kuukuu linalokufa. Wengine wangetoka na kusema haiwezekani. Kuna wanaovunja chama kwa ajili ya sare, sembuse jina! Yeye alikubali, na Moyo wa Maria ukabaki katika sehemu ya pili ya jina kamili la shirika. Mkuu wa Roho Mtakatifu aliyekuwapo, Padre Monnet, naye aliachia kiti chake, na Libermann akachaguliwa kuongoza.

Aliongoza kwa miaka mitatu na miezi kadhaa tu. Alianza na malezi ya mapadre katika seminari yao. Alihangaikia makoloni ya zamani yapate maaskofu, na mwaka 1850 majimbo ya Martinique, Guadeloupe na Réunion yakaundwa. Aliandika barua usiku na mchana. Zimehifadhiwa zaidi ya elfu moja, na nyingi zinamtuliza padre fulani aliyechoka au aliyegombana na mwenzake. Alifariki Paris tarehe 2 Februari 1852, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, kabla ya kutimiza miaka hamsini. Kanisa limetambua fadhila zake na kumwita Mheshimiwa. Bado hajatangazwa Mwenyeheri.

Miaka kumi na moja baada ya kifo chake, mwaka 1863, Padre Antoine Horner na wenzake walishuka Zanzibar, soko la watumwa likiwa bado wazi. Mwaka 1868 walivuka hadi Bagamoyo wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa, na kutoka hapo wakaingia bara: Mhonda, Mandera, Morogoro, Kilema. Walikuja kwa jina la Roho Mtakatifu, lile la mwaka 1703. Ukifika Bagamoyo, pita makaburini kwa wamisionari, wengi walikufa wakiwa vijana. Libermann mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika.